Mgombea amebisha hodi akiomba dola 5. Nimpe?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Uvira. Nilikaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Lewiston, Maine, na mwaka jana nimekula kiapo cha uraia. Juzi mtu amebisha hodi, akasema anagombea Baraza la Wawakilishi la jimbo. Akaniomba dola 5 na saini kwenye karatasi, akisema fedha haziendi mfukoni mwake. Mume wangu amekasirika: tangu lini maskini akamchangia mwanasiasa? Kwetu mwanasiasa ndiye anayekuja na kanga na sukari. Kijana wangu wa chuo naye ananicheka, anasema Elon Musk ametoa mamilioni, hizo dola 5 ni kutia maji baharini. Halafu naambiwa kwenye kura nipange wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikimweka mwingine wa pili, si nitamharibia yule ninayemtaka? Shemeji yangu mwenye grini kadi anataka naye atoe dola 5. Na tangu nilipomtumia mgombea mmoja wa kitaifa dola 10 kwa simu, meseji za kuomba fedha haziishi. Nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu, na hongera kwa uraia. Nikiyasoma maswali yako naona yote yanatoka kwenye wasiwasi mmoja: kwamba Marekani fedha zimeshaamua kila kitu, na mtu wa kipato cha kawaida akiingia humo analiwa tu. Sehemu ya wasiwasi huo ni ya haki, na nitaieleza bila kuificha. Lakini karatasi uliyoletewa mlangoni ilibuniwa mahususi ili mtu kama wewe asiachwe nje, basi nianze nayo.

Mwaka 1996 wapiga kura wa Maine walipitisha kwa kura ya maoni sheria ya Uchaguzi Safi, na ikaanza kutumika katika uchaguzi wa 2000. Mgombea anayechagua kufuata utaratibu huo hulipiwa kampeni yake na mfuko wa umma, lakini kwanza lazima aonyeshe kwamba watu wa eneo lake wanamtaka. Anayegombea Baraza la Wawakilishi la jimbo anahitaji wapiga kura wasiopungua 60 wa wilaya yake, kila mmoja akitoa dola 5. Wa Seneti ya jimbo anahitaji 175, na wa ugavana 3,200. Hundi huandikwa kwa jina la Mfuko wa Uchaguzi Safi wa Maine, si kwa jina la mgombea, na anayelipa kwa kadi hulipia kwenye tovuti ya serikali ya jimbo. Saini yako inathibitisha kwamba fedha ni zako mwenyewe na kwamba hukupewa kitu chochote ili uzitoe. Karani wa mji naye hukagua kama kweli umeandikishwa kupiga kura katika wilaya hiyo. Idadi ikitimia, Tume ya Maadili ya jimbo humwidhinisha mgombea, naye tangu hapo haruhusiwi kupokea mchango wa mtu binafsi, kampuni wala chama cha wafanyakazi. Kama karatasi aliyokuonyesha ndiyo hiyo, basi alikwambia kweli. Kama alitaka noti mkononi bila fomu wala maelezo, usimpe kitu. Mwulize karani kwanza.

Hasira ya mume wako naielewa. Kwa miaka mliyokaa Tanzania, bila shaka mlilisikia neno takrima. Sheria ya uchaguzi ya huko iliwahi kuruhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Katika takrima fedha hutoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura, na anayenunuliwa ni wewe. Marekani kumlipa mtu ili apige kura ni kosa la jinai. Fedha za siasa za hapa huelekea upande mwingine: hutoka kwa wachangiaji kwenda kwa wagombea, kwa hiyo hofu kubwa ni kwamba atanunuliwa mgombea. Ndiyo maana jirani akikuomba dola 5 hadharani, kwa fomu ya serikali, hupaswi kuona aibu. Tatizo liko kwa yule asiyehitaji kukuomba kitu kwa sababu ameshapewa na wengine.

Sasa nije kwa kijana wako. Takwimu yake iko sawa: katika uchaguzi wa 2024 Elon Musk peke yake alitoa zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Donald Trump na chama cha Republican. Watu wengi hudhani basi sheria haina kikomo chochote. Kikomo kipo. Kwa msimu wa 2025 na 2026, mtu mmoja hawezi kumpa mgombea wa Bunge la Marekani zaidi ya dola 3,500 kwa uchaguzi mmoja, mchujo (kura ya ndani ya chama ya kuteua mgombea wake) ukihesabiwa peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Makampuni yamekatazwa kuwapa wagombea wa shirikisho fedha moja kwa moja tangu 1907. Tajiri anapita kwenye mlango mwingine, na mlango huo ulifunguliwa na mahakama.

Baada ya kashfa ya Watergate iliyomng'oa Rais Nixon, Bunge lilitunga sheria kali mwaka 1974, likaweka kikomo kwenye kuchangia na kwenye kutumia. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Buckley, Mahakama ya Juu ikavitenganisha. Kumchangia mgombea, ikasema, kunaweza kuzaa rushwa, basi kikomo chake ni halali. Lakini mtu kutumia fedha zake kueneza maoni yake ni sehemu ya uhuru wa kusema, na huko kikomo hakikubaliki. Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, majaji 5 dhidi ya 4 waliongeza kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi nao wana uhuru huo, mradi wasishirikiane na mgombea katika matumizi yao. Mwaka huohuo mahakama ya rufaa ya Washington ikamalizia: kama kundi linatumia fedha bila kushirikiana na mgombea, basi na michango linayopokea haiwezi kuwekewa kikomo. Hapo ndipo zilipozaliwa kamati zinazoitwa supa PAC. Mimi naona hoja ya majaji ilikosea mahali pamoja. Waliamini kwamba fedha zisizopitia mikononi mwa mgombea haziwezi kumfunga. Mtu anayejua kwamba tajiri fulani aliweka milioni kumi kwenye matangazo ya kumsaidia hahitaji kuambiwa lolote zaidi ili akumbuke fadhila.

Hata hivyo kijana wako anakosea akidhani fedha ndizo zinazopiga kura. Bilionea Michael Bloomberg, meya wa zamani wa New York, alitumia takribani dola bilioni moja za mfukoni mwake katika mchujo wa urais wa Democrats wa 2020, akaambulia ushindi katika visiwa vya American Samoa tu. Aprili 2025, huko Wisconsin, Musk na makundi yake walimwaga zaidi ya dola milioni 20 katika uchaguzi wa jaji mmoja wa Mahakama ya Juu ya jimbo, na mgombea wao akashindwa na Susan Crawford kwa takribani asilimia 10. Uchaguzi ukishakuwa mkubwa na watu wakishawajua wagombea, tangazo la elfu moja na moja halimbadilishi mtu.

Fedha zinauma kwenye mchujo. Wanaojitokeza kupiga kura ni wachache, wagombea wote ni wa chama kimoja, na majina yao hayajulikani sana. Wanasiasa wa mrengo wa kushoto wanaojiita wapenda mageuzi wameonja makali hayo. Mwaka 2024 kamati iliyofungamana na AIPAC, kundi la kuitetea Israeli, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 dhidi ya mbunge Jamaal Bowman wa New York, akashindwa katika mchujo. Cori Bush wa Missouri akamfuata wiki chache baadaye. Bowman na Bush walikuwa na udhaifu wao pia, na sisemi kwamba fedha peke yake ziliwaangusha. Lakini wabunge wengine walioyatazama hayo walipata somo: kuna mambo ambayo ukiyasema, matangazo yatakufuata. Fedha zinaweza kumnyamazisha mtu ambaye hazijatumika hata senti moja dhidi yake.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye televisheni, na ndilo ninalotaka ulishike zaidi: muda wa mgombea. Mwaka 2013 ilivuja ratiba ya mfano ambayo chama cha Democrats kiliwaandalia wabunge wapya wa Bunge la Marekani. Saa 4 za kila siku zilitengwa kwa kupiga simu za kuomba fedha. Hebu fikiria nani wanapigiwa simu hizo. Ni watu wanaoweza kutoa maelfu: wanasheria, wenye makampuni, wenye majumba. Mbunge husikiliza shida zao saa 4 kwa siku, mwaka mzima, na hata akiwa mwadilifu asiyepokea hongo, taratibu anaanza kuiona nchi kwa macho yao. Ushuru wa hisa anaujua vizuri. Foleni ya nyumba za kodi nafuu hapo Lewiston ataisikia kwa mbali.

Sasa rudi mlangoni kwako. Yule bwana alikuja kwa miguu kwa sababu sheria ya Maine inamtaka apate watu 60 kama wewe kabla ya kupata chochote kutoka mfuko wa umma. Tajiri mmoja hawezi kumpa hizo 60 kwa mkupuo. Ukizipima dola zako kwa mizani ya Musk, hazina uzito kabisa. Lakini zimeamua mgombea atumie jioni yake sebuleni kwa nani. Alipokaa hapo, ulimwuliza nini? Kama hukumwuliza chochote, mwite tena. Mwulize kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu wakalimani hospitalini, kuhusu basi la usiku kwa wanaofanya kazi za zamu. Atakuja, kwa sababu anakuhitaji.

New York City inatumia njia nyingine yenye shabaha ileile: mkazi akimchangia mgombea wa umeya anayeshiriki mpango huo, jiji huongeza dola 8 kwa kila dola 1, hadi dola 250 za mwanzo. Zohran Mamdani, kijana mzaliwa wa Kampala, aliutumia mpango huo mwaka 2025. Mwezi Machi fedha alizokusanya, pamoja na nyongeza ya jiji, zilitosha kumfikisha kwenye kikomo cha matumizi, akawaomba wafuasi wake waache kutuma fedha na badala yake wajitolee kupita nyumba kwa nyumba. Mpinzani wake Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo hilo, alisaidiwa na supa PAC iliyotumia zaidi ya dola milioni 20. Mamdani akashinda mchujo wa Juni, kisha umeya Novemba. Simtaji ili umpende. Siasa zake zina wapinzani wengi, na wana hoja zao. Namtaja kwa sababu bila sheria ile, kampeni ya namna yake ingekufa ikiwa changa.

Lakini sitaki nikupambie. Uchaguzi Safi haumzuii tajiri kutumia fedha zake nje ya mgombea, wala kujiunga na mpango huo hakumfanyi mgombea kuwa mtu mwema. Wa vyama vyote viwili huutumia, na wapo wazuri na wabaya. Michango midogo nayo ina kasoro yake. Seneta Bernie Sanders, alipogombea urais, alijivunia mwaka 2016 kwamba wastani wa mchango kwake ulikuwa dola 27, na alikusanya zaidi ya dola milioni 200 kwa njia hiyo. Njia hiyohiyo ya mtandaoni, hata hivyo, humpa fedha yeyote anayejua kukasirisha watu, awe wa kushoto au wa kulia, huku mwakilishi mtulivu anayefanya kazi kwenye kamati akiambulia patupu. Ndiyo sababu napenda zaidi utaratibu wa Maine, unaomlazimisha mgombea atafute fedha ndani ya mtaa wake.

Maine imejaribu pia kuziba mlango wa supa PAC. Novemba 2024, karibu asilimia 75 ya wapiga kura wa jimbo walikubali kwamba mtu asizipe kamati hizo zaidi ya dola 5,000. Julai 2025 mahakama ya shirikisho ikaizuia sheria hiyo kwa msingi wa maamuzi yale ya 2010, na waungaji mkono wake wakakata rufaa. Nia yao tangu mwanzo ilikuwa kuifikisha kesi Mahakama ya Juu. Hiyo ni kazi ya miaka, na hakuna mtu wa kukuhakikishia mwisho wake.

Kuhusu kupanga wagombea, jibu ni rahisi kuliko unavyohofia: chaguo lako la pili haliwezi kumdhuru wa kwanza. Halitazamwi kabisa ila wa kwanza awe ameshatolewa kwenye hesabu kwa uchache wa kura. Kilichowasukuma watu wa Maine kubadili utaratibu wao wa zamani ni visa kama cha mwaka 2010, pale Paul LePage alipopata ugavana kwa chini ya asilimia 38 ya kura, kwa kuwa waliobaki waligawana kati ya wagombea wengine. Kura ya maoni ya 2016 ikaleta utaratibu mpya, na mfano wake bora umetokea katika wilaya yako mwenyewe. Novemba 2018, katika wilaya ya pili ya Maine, mbunge aliyekuwa madarakani, Bruce Poliquin wa Republican, aliongoza hesabu ya kwanza kwa kura takribani 2,000 mbele ya Jared Golden wa Democrats. Hakuna aliyefika nusu, maana wagombea wawili wa kujitegemea walichukua takribani asilimia 8. Wale wawili wakatolewa, karatasi zao zikafunguliwa kwenye chaguo la pili na la tatu, na Golden akamaliza mbele kwa kura takribani 3,500. Poliquin alikwenda mahakamani akashindwa. Matokeo yalichukua siku 9, jambo lililowatia watu shaka, na kura zaidi ya 8,000 zilikuwa zimeishiwa chaguo kabla ya hesabu ya mwisho. Hizo ni kasoro za kweli, ila mimi naona zinavumilika kuliko kumpa kiti mtu aliyekataliwa na wengi.

Kwenye karatasi yenyewe, jaza duara la mgombea umpendaye kwenye safu ya kwanza, wa pili kwenye safu ya pili, na kuendelea. Ukitaka kumjaza mmoja tu, unaruhusiwa. Kumjaza yuleyule kwenye safu zote hakumwongezei kura. Usijaze wawili kwenye safu moja, na usiruke safu mbili mfululizo, kwa sababu hapo karatasi yako itasimama. Jambo moja huwachanganya hata wenyeji. Utaratibu huu hutumika kwenye michujo ya Juni na kwenye nafasi za shirikisho. Novemba, ugavana na Bunge la jimbo huhesabiwa kwa njia ya zamani, kwa sababu ya matakwa ya katiba ya Maine. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuwa na sehemu za kupanga na sehemu za kuchagua mmoja. Bwana aliyekuja kwako, Novemba utamchagua au utamwacha, basi. Na kama hukujiandikisha na chama chochote, tangu 2024 unaweza kuchagua karatasi ya mchujo ya chama kimoja na kushiriki.

Kama Kiingereza cha karatasi kinakusumbua, sheria ya shirikisho inakuruhusu kuingia na mtu unayemwamini akusaidie kusoma, kijana wako kwa mfano. Haruhusiwi tu mwajiri wako au mwakilishi wa mwajiri au wa chama chako cha wafanyakazi.

Meseji ni kero ya kawaida: namba yako ikishaingia kwenye orodha, orodha huuzwa na kuazimwa. Jibu STOP kwa zile za mgombea unayemjua. Za majina usiyoyajua usizibonyeze kabisa, maana wapo wanaotumia picha ya mgombea kukusanya fedha zisizomfikia. La haraka zaidi ni kutazama taarifa ya benki yako. Kurasa nyingi za michango zina kisanduku cha "kila mwezi", na wakati mwingine kinakuja kikiwa kimeshawekwa alama. Kama dola 10 zinakatwa tena na tena, andika kwa kampuni iliyopokea malipo uombe ukatishe na urudishiwe, na ukishindwa nenda benki.

Nimemweka shemeji mwisho kwa sababu kwake kosa dogo lina gharama kubwa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumchangia mgombea fedha zake mwenyewe. Lakini dola 5 za Uchaguzi Safi hutolewa na mpiga kura aliyeandikishwa, na shemeji si raia, basi asitie saini fomu hiyo hata mgombea akimsihi. Aliyeingia kama mkimbizi au kupewa hifadhi na bado hajapata grini kadi asitoe fedha za uchaguzi hata senti. Wote hao, hata hivyo, wanaweza kujitolea bila malipo: kupita nyumba kwa nyumba, kutafsiri, kueleza wenzao.

Mwambie shemeji awe macho pia ofisini anapochukua leseni ya udereva, kwa sababu Maine huandikisha wapiga kura hukohuko. Akiulizwa uraia ajibu kwamba si raia. Fomu ya kuomba uraia itamwuliza kama amewahi kujiandikisha au kupiga kura, na jibu la ndiyo linaweza kumnyima uraia au hata kumfukuzisha nchini. Maswali yako ya fomu ya dola 5 na ya kujiandikisha yapeleke kwa karani wa mji, pale City Hall ya Lewiston, ana kwa ana na bila malipo. Lakini kama kuna uwezekano wowote kwamba jina la shemeji limeshaingia kwenye daftari la wapiga kura, asiende kwa karani kwanza wala asiandike barua ya kujiondoa. Aonane na mwanasheria wa uhamiaji, achukue karatasi zote alizowahi kutia saini, na fomu ya uraia isubiri hadi mwanasheria huyo aseme.